Fundi wa simu wa Katuba anayewapokea watoto wanaochekwa mtandaoni: nimekwenda mara tatu, haya ndiyo niliyoyaona

Mwezi wa kumi hapa Lubumbashi jua huwa kali kuliko miezi yote. Mvua bado inasuasua, vumbi jekundu limetanda, na mtu akitoka sokoni anatamani kivuli cha mwembe wowote. Ni katika joto hilo mwanangu wa miaka 13, anayesoma mwaka wa nane, alipoanza kwenda masomo amevaa sweta. Siku ya kwanza nilidhani ana homa, nikamgusa shingo, haikuwa na joto. Siku ya nne nikamwambia aivue. Akanijibu, "Acha tu, Mama." Mtoto huyu hajawahi kuniambia "acha".

Mimi ni mshonaji. Kila mwaka kuanzia mwezi wa nane nashona nguo za shule, mashati meupe na suruali za buluu, mpaka macho yananiuma. Shati la mwanangu nililishona mwenyewe mwaka uliopita. Kola yake ilipochakaa niliifumua, nikaigeuza upande wa ndani ukawa nje, nikaishona upya. Kila mshonaji anaijua kazi hiyo; ukiifanya vizuri, shati linaongeza mwaka mzima. Usiku ule uzi mweupe uliniishia, nikamalizia kwa uzi wa rangi ya maziwa. Mstari mmoja tu, nyuma ya shingo, ambao huuoni mpaka usogee karibu.

Kuna aliyesogea. Mtoto wa dawati la nyuma alipiga picha kisogo cha mwanangu, akaivuta mpaka ule mshono ukajaa skrini nzima, akaifanya stika, na juu yake akaandika KOLA YA MAMA. Ikaingia kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa yenye watoto 46. Tangu hapo mwanangu akiandika lolote, hata akiuliza zoezi la hesabu liko ukurasa gani, jibu ni stika. Ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Sweta ilikuwa ya kufunika kola.

Nimeanza huko ili msomaji ajue niliingia kwenye kibanda hiki nikiwa na nini moyoni. Sikuwa nimekwenda kubadilisha kioo.

Kabla ya Katuba nilipitia duka moja la mjini, jina lake naliacha. Huko niliambiwa kwamba kwa dola 20 wataniwekea programu ya siri kwenye simu ya mtoto, niwe nasoma kila anachoandika na kila anachoandikiwa bila yeye kujua. Niseme kweli, nilitaka. Mfukoni nilikuwa na dola 15, nikasema nitarudi mwisho wa juma. Katikati ya juma jirani yangu anayeuza makala akanieleza habari za kijana wa Katuba aliyemsaidia binti yake mwaka jana, na nikaenda kwake nikiwa na wazo lilelile: aniwekee hiyo programu, kwa bei ya chini.

Kibanda kiko upande wa Katuba, si mbali na mpaka wa komini ya Kenya (komini ni sehemu ya mji yenye utawala wake; Kenya ni komini yetu hapa, mgeni asichanganye na nchi). Ni cha bati, kimepakwa rangi ya buluu, na mbele kuna meza ya kioo iliyojaa chaja, betri na vifuniko vya simu. Kulia mama mmoja anauza kinywaji cha munkoyo kwenye ndoo, kushoto kuna muziki kuanzia asubuhi. Hakuna bango linalosema lolote kuhusu watoto. Wazazi wanaambiana tu. Fundi mwenyewe ni kijana, sidhani kama amefika miaka 30.

Mara ya kwanza nilifika jioni, siku ya kazi. Simu nilikuwa nimeitoa kwenye mkoba wa mwanangu wakati anaoga. Nikaiweka juu ya meza, nikaeleza ninachotaka.

"Hii simu ni ya nani, Mama?"

"Ya mwanangu."

"Na mutoto eko wapi?"

"Nyumbani."

Akaisukuma simu taratibu mpaka ikarudi mbele yangu. Akasema hafungui simu ya mtoto mwenyewe asipokuwepo. Akanieleza kwamba mtoto akigundua amefunguliwa simu kwa siri, kesho atabadilisha namba, na siku atakapopatwa na jambo kubwa zaidi mimi nitakuwa wa mwisho kujua. Nilipandwa na hasira. Nilimwambia mimi ndiye niliyemzaa, na mega za simu hiyo nanunua mimi. Hakubishana nami. Aliniuliza jambo moja tu: "Ukishajua ni nini, utamunyanganya simu?" Nikasema ndiyo, sasa nifanye nini kingine? Akasema, "Basi, Mama, leo umuambie hautamunyanganya. Kisha umulete siku ya posho." Siku ya posho ndiyo Jumamosi yetu huku Katanga. Hakunitoza hata faranga moja.

Hilo la kutomnyang'anya ndilo lililonisumbua njia nzima mpaka nyumbani, na ndilo ninalotaka wazazi wenzangu wanaosoma hapa walisikie vizuri. Mtoto anayechekwa kwenye simu anapiga hesabu kabla ya kusema. Nikimwambia Mama, simu inaondoka. Ikiondoka, sipati mazoezi, sipati habari ya mwalimu kutofika, wale wachache wanaoongea nami wanapotea pia. Na yule aliyenicheka? Yeye anabaki na simu yake. Kwa hesabu hiyo mtoto ananyamaza, na ukiitazama huwezi kumlaumu, kwa kuwa sisi ndio tuliomfundisha. Mimi mwenyewe nilimnyang'anya dada yake simu mwezi mzima miaka mitatu nyuma, kosa likiwa la mtu mwingine. Mdogo wake alikuwa anatazama.

Jioni ile nilimwita nilipokuwa nashona. Nikamwambia, "Sitachukua simu yako. Niambie tu sweta ni ya nini." Alisimama kimya muda mrefu. Kisha akaanza kuzungusha gurudumu la cherehani kwa kidole kimoja, mbele nyuma, mbele nyuma, akanieleza yote bila kunitazama. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Nilitegemea atasema aliogopa kupigwa. Akasema hakutaka nijue kwamba wanachocheka ni mshono wangu.

Siku ya posho tulikwenda wawili. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, tukangoja karibu saa mbili tukinywa munkoyo. Hilo si kosa la fundi, kila mtu wa Lubumbashi anaijua delestaji, ila ukienda uende ukiwa umechaji simu yako.

Kazi yenyewe ilichukua kama saa moja na nusu. Alimkalisha mwanangu upande wake, ndani ya kibanda, na mimi nikabaki ng'ambo ya meza. Simu ilikaa mkononi mwa mtoto muda wote. Fundi alionyesha kwa kidole tu. Cha kwanza nilichosema ni kwamba afute yote, grupu, stika, namba zao, kila kitu. Fundi akanizuia: "Mama, ukifuta sasa, wao ndio unawasaidia." Akamwelekeza mwanangu arudi nyuma kwenye mazungumzo mpaka siku ya kwanza, kisha apige picha ya skrini kila mahali alipotukanwa, akihakikisha namba ya aliyetuma, tarehe na saa vinaonekana. Na si stika peke yake. Alimtaka apige pia ujumbe uliotangulia na uliofuata, ili kesho asitokee mtu wa kusema mwanangu ndiye aliyeanza. Picha zote zikatumwa kwenye simu yangu, zikawa mahali pawili.

Halafu akatoa daftari la karo, yaani la miraba, lile la faranga chache la watoto wa shule, akamwambia mwanangu aandike mwenyewe kwa mkono wake: siku, saa, namba, kilichotumwa. Mtoto anaandika, fundi anahesabu. Siku 11, mara 31, namba tisa. Nilipoyaona yamepangwa mistari, tumbo lilinikata. Mtoto huyo alikuwa anakula bukari mbele yangu kila jioni na simu inaita mfukoni.

Tulidhani tumemaliza. Fundi akasema, "Fungua ukurasa mupya. Sasa andika wale waliosema muache." Walikuwa wawili. Msichana mmoja aliyeandika "inatosha", na mvulana aliyeuliza inawachekesha nini. Mwanangu hakuwa amewaona kabisa. Siku zile 11 macho yake yaliishia kwenye stika. Akaandika majina yao mawili kwenye ukurasa peke yao, kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini kwa rula ya fundi. Nimemlipa mtu huyu kwa mambo mengi, ila kwa ukurasa ule ningemlipa mara mbili.

Daftari hilo nilimwonyesha binti wa dada yangu anayesoma saikolojia UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi. Akaniambia, "Mama mdogo, huyo fundi amefanya tunachofundishwa." Akanieleza kuhusu Dan Olweus, mtaalamu aliyefanya kazi Norwe na kuuchunguza uonevu wa shuleni tangu miaka ya 1970. Kwa Olweus, ili jambo liitwe uonevu na si ugomvi wa kawaida wa watoto, kuna mambo matatu: anayefanya amekusudia kuumiza, anarudia, na anayefanyiwa hana nguvu ya kujitetea sawasawa. Nilimuuliza nguvu gani, maana aliyepiga picha ile ni mdogo kwa umbo kuliko mwanangu. Akasema kwenye simu nguvu ni watazamaji. Mmoja anatuma mara moja, wengine wanarudia kwa niaba yake, na hata asipotuma tena, kitu kinaendelea kutembea. Zamani tulipochekwa shuleni, tukifika nyumbani tulipumzika mpaka asubuhi. Mtoto wa leo analala na darasa zima chini ya mto.

Akanionyesha pia hesabu ambazo UNICEF ilizitoa mwezi wa tisa mwaka 2019 kupitia huduma yake ya U-Report: vijana zaidi ya 170,000 wa miaka 13 hadi 24 katika nchi 30 waliulizwa, na mmoja kati ya watatu alisema amewahi kuonewa mtandaoni. Mmoja kati ya watano alisema amewahi kukosa masomo kwa sababu ya uonevu huo na ukatili. Hapo nikakumbuka Jumatano mbili mfululizo ambazo mwanangu aliumwa tumbo. Nilimchemshia majani ya mpera.

Turudi kwa fundi. Baada ya ushahidi ndipo alipoingia kwenye mipangilio ya simu, na hapa anakwenda haraka, kwa hiyo mzazi awe makini au aombe aandikiwe. WhatsApp tangu 2019 inakuruhusu kuchagua nani anaweza kukuingiza kwenye grupu. Kwa mwanangu palikuwa pameachwa wazi kwa kila mtu, ndiyo maana usiku mmoja aliamka akajikuta kwenye grupu mpya ambayo picha yake ya juu ni ile kola. Sasa ni watu aliowahifadhi tu. Picha yake ya wasifu pia wanaiona hao tu. Kuhusu kumfungia mtu, fundi alieleza kwamba aliyefungiwa hapewi taarifa, na kwamba ukimripoti mtu, kampuni inapelekewa jumbe tano za mwisho alizokutumia, bila mwenyewe kuambiwa. Kuhusu kutoka kwenye grupu, tangu 2022 ukitoka wanaoarifiwa ni maadmini tu, si darasa zima. Mwanangu alifurahi kusikia hivyo, ila hakutoka. Grupu ndimo mazoezi yanamopita. Fundi hakumlazimisha.

Kilichosaidia kuliko yote kilikuwa kitu kidogo: admini wa grupu anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwa wote. Admini wa darasa lao ni msichana wa miaka 14, na jina lake halikuwa miongoni mwa wale tisa. Fundi alimwachia mwanangu aandike mwenyewe, akamrekebisha sentensi moja tu iliyokuwa na tusi. Ujumbe ulikuwa hivi: "Hizo stika zinaniumiza. Naomba uzifute." Tulikuwa bado tumekaa pale zile mpya zilipoanza kupotea moja moja. Msichana hakujibu kitu. Alifuta tu.

Za zamani zilibaki, na zile ambazo watoto wameshazihifadhi kwenye simu zao zipo mpaka leo. Fundi alilisema hilo kabla hatujamlipa: "Stika yenye iko kwenye simu ya mutu, mimi siwezi kuifikia." Namheshimu kwa neno hilo. Duka la mjini liliniahidi kila kitu.

Baada yetu alikuwepo msichana mkubwa, labda wa miaka 17, ambaye shida yake ilikuwa Instagram. Mambo yake si yangu kuyaeleza, ila nilijifunza kitu kwa kusikia. Instagram ina mahali pa kuweka maneno usiyotaka kuyaona, na maoni yenye maneno hayo yanafichwa. Fundi akamwambia asitegemee programu iyajue matusi ya Lubumbashi. Msichana akaandika orodha yake mwenyewe: Kiswahili chetu, Kifaransa, vyote viwili vilivyochanganywa katika neno moja, na yale yanayoandikwa kwa kuweka tarakimu mahali pa herufi. Alijaza karatasi pande mbili. Upo pia uwezo wa kumwekea mtu mpaka, ambapo maoni yake anayaona yeye peke yake wala hajui. Huo ulianza 2019. Kwa mtoto anayeogopa kwamba kumfungia mtu kutawasha moto zaidi, naona huo unafaa.

Sasa sehemu ambayo fundi hawezi kukufanyia. Namba moja kati ya zile tisa, ya kwanza kabisa kwenye daftari, ilikuwa kwenye simu yangu tayari. Ilikuwa ya nyumba ninayoishonea. Mtoto wao amekula kwangu. Nilitaka kwenda usiku uleule, na fundi ndiye aliyeniambia nilale kwanza. Nilikwenda Jumatatu mchana, watoto wakiwa masomo. Mama yule alinipokea vizuri, na nilipoeleza akacheka kidogo, "Ni mambo ya batoto, Yaya" (yaya kwetu ni dada mkubwa). Sikumjibu. Nilifungua daftari nikaliweka magotini pake. Akasoma mistari ya kwanza amesimama. Alipofika katikati alikaa. Aliniuliza kama kola ile ni ya shati la mwaka jana, nikamwambia ndiyo. Yeye pia aliwahi kuniletea mashati mawili ya kugeuza kola. Hatukuongea sana. Jioni mtoto wake alikuja na baba yake, akaomba radhi mbele ya mwanangu, na namwamini kwa sababu alilia kabla hajaanza kusema.

Shule yenyewe sitaitaja. Mara ya kwanza niliambiwa simu ni mambo ya nyumbani. Mara ya pili nilikwenda na daftari, na darasa likazungumziwa.

Wako wanaoniuliza kwa nini sikwenda polisi. Sheria ipo: Kongo ina Kodi ya Dijitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inayoadhibu kumsumbua na kumnyanyasa mtu kwa njia ya mitandao. Ila waliomfanyia mwanangu hivi ni watoto pia, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kuwa kila aliye chini ya miaka 18, na kesi zake zina mahakama yake, ya watoto. Fundi aliniambia wazi kwamba yeye si mwanasheria, akanishauri nitunze daftari, na kama mambo yatarudi nikatafute wakili. Naona hapo amejua mpaka wake.

Mpaka mwingine alionao ni huu: mtoto akiwa na picha ya utupu inayozungushwa, au anadaiwa pesa ili isizungushwe, fundi hataki kuiona picha hiyo wala kuigusa. Anamwonyesha mzazi huduma inayoitwa Take It Down, ya NCMEC, shirika la Marekani la kulinda watoto, iliyoanza 2023 kwa ajili ya walio chini ya miaka 18. Ni ya bure. Picha haiondoki kwenye simu yako. Kinachotumwa ni namba maalumu inayotokana na picha hiyo, na mitandao iliyokubali kushiriki inaitumia kuitafuta na kuiondoa. Ndani ya mazungumzo yaliyofungwa yasisomwe na mtu wa nje, kama ya WhatsApp, haiingii. Na kwa jambo la namna hiyo anasema usilipe anayedai, na usingoje siku ya posho.

Nikipewa nyota tano nampa nne, na ile moja nina sababu zake.

Hakuna faragha. Benchi la kusubiria liko barabarani, na mtoto anayesimulia aliyotendewa anasikika mpaka kwenye ndoo za munkoyo. Siku ile ya pili nilimwona msichana mmoja amefika, ametazama waliokaa, amegeuka na kuondoka. Huyo bado namfikiria. Pia kuna wakati simu ya mwanangu iliwekwa mezani skrini juu, ujumbe ukaingia, na mteja wa kando akausoma. Nilimwambia fundi palepale. Aliigeuza, akaomba msamaha, na sijaona akirudia. Karatasi ya maelekezo anayokupa ina Kifaransa kitupu na herufi ndogo sana. Wako akina mama wengi Katuba ambao Kifaransa hakiwafai, na hao ndio wenye watoto hao. Na angepata dada wa kumsaidia, wasichana wangekuja wengi zaidi.

Bei: kusikilizwa ni bure. Kupanga simu nzima pamoja na ushahidi nililipa faranga 5,000. Nilidhani hiyo inatosha mpaka mwisho, lakini tuliporudi mara ya tatu kukagua nikadaiwa 2,000. Si nyingi, ila aseme mapema. Nilimwambia hilo pia.

Mara hiyo ya tatu ilikuwa baada ya wiki tatu. Stika ilikuwa imetokea mara moja tu katika muda huo, kutoka kwa mmoja wa wale tisa, na yule mvulana wa ukurasa wa pili alimjibu kabla mwanangu hajaiona. Sasa wanakwenda masomo pamoja. Siwezi kusema yamekwisha. Mwanangu bado anaigusa kola yake akipita mbele ya kioo. Nilimwambia nitamshonea shati jipya, kitambaa ninacho. Akasema hili bado zima.

Siku hiyo fundi aliniomba nimwache naye dakika kumi. Nilikaa kwa mama wa munkoyo, nikawaona wameinamisha vichwa pamoja, mwanangu akiongea na kidole chake kikizunguka juu ya kioo cha meza. Sijui walisema nini, na sijamuuliza.

Kabla ya kuondoka nilitoa futi yangu mkobani nikapima mlango wa kibanda. Nina mabaki ya kitambaa cha buluu cha suruali za shule, kizito, hakipitishi mwanga, yanatosha pazia la mita mbili na nusu. Kazi za wateja zimejaa, kwa hiyo litachukua siku kadhaa. Kama utakwenda na mtoto wako kabla sijalipeleka, nendeni siku ya posho mchana, watu wakiwa wamepungua, na uombe akae kiti cha ndani, kile kilichoegemea ukuta.